Tamko la walimu wa kwaya wa Kinondoni na Temeke kuhusu mafunzo ya uimbaji ya likizo ya Juni

 

Sisi walimu wa kwaya, wapiga kinanda na waimbishaji wa makanisa ya pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Kinondoni kutoka Tegeta na Wazo hadi Mabwepande na Bunju, na upande wa Temeke kutoka Tandika na Yombo hadi Mbagala, Charambe na Chamazi, tumekutana na kukubaliana kutoa tamko hili. Tunalitoa kwa maaskofu, mapadre na wachungaji wetu, kwa wazee wa kanisa na viongozi wa kwaya, kwa wazazi, na kwa waimbaji wenyewe. Tumetoka madhehebu mbalimbali na kila mmoja wetu ana kitabu chake cha nyimbo. Lakini katika jambo hili hatukubishana hata kidogo: kuanzia likizo ya Juni mwaka huu tutawafundisha waimbaji wetu, wadogo kwa wakubwa, kusoma nota kwa macho yao wenyewe.

Hatusemi kwamba mji huu haujui kuimba. Pembe hizi hizi ndizo zilizoilisha Afrika Mashariki nyimbo. Kwaya ya Uinjilisti Kijitonyama ni ya Kinondoni. Kwaya ya Vijana ya AIC Chang'ombe na kwaya ya Waadventista wa Kurasini ni za Temeke. Kwaya ya Mtakatifu Kizito Makuburi nayo ilihesabiwa Kinondoni mpaka Ubungo ilipopewa manispaa yake. Nyimbo za kwaya hizi zimevuka mipaka hadi Kenya na Kongo, na wengi wetu tulianza kupenda uimbaji kwa kuzisikiliza kwenye redio kaseti za nyumbani. Mwaka 2003 profesa wa Marekani, Gregory Barz, alichapisha kitabu kizima kuhusu kwaya za Tanzania baada ya kuishi na waimbaji wa Kilutheri wa hapa hapa Dar es Salaam. Sifa hiyo tunaipokea kwa moyo mkunjufu.

Tunaowasemea leo ni wengine, nao ndio wengi: kwaya ya kigango kipya kule Chamazi, kwaya ya mtaa mpya kule Mabwepande, waimbaji kumi na wanane chini ya paa la bati lisilo na dari, na mwalimu mmoja anayejitolea. Mazoezi yao tunayajua kwa sababu ndiyo tuliyokulia. Mwalimu anafika na wimbo kichwani au kwenye simu. Anaanza na sauti ya kwanza, mstari kwa mstari, yeye anaimba na wao wanarudia, huku sauti ya pili wamekaa wanapiga soga. Halafu anawageukia sauti ya pili, halafu ya tatu, halafu besi. Wimbo wa dakika nne unakula jioni tatu au nne. Jumapili unaimbwa, watu wanabarikiwa, na baada ya mwezi sauti ya tatu imekwisha kusahau njia yake na kuhamia kwa sauti ya kwanza bila mtu kugundua.

Kisha siku moja mwalimu anaondoka. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma tumeagana na wengi, na wengine wamefuata viwanja vya bei nafuu Kibaha na Mkuranga. Mwalimu akiondoka hivyo, anaondoka na nyimbo zote. Anayeachiwa kwaya anakuta kabati lina sare za rangi tatu, mafaili ya michango, picha za uzinduzi wa albamu, na hakuna hata wimbo mmoja ambao waimbaji wanaweza kuufungua na kuuimba wenyewe. Tunalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa wengi wetu ndio tulioachiwa kabati hilo, na baadhi yetu, tukiri, ndio tulioliacha.

Zipo kwaya zenye karatasi za nota. Tuichukue moja tuitazame. Juu kushoto imeandikwa Doh ni G. Chini yake zimepangwa silabi za solfa, d, r, m, f, s, l, t, kwa sauti nne, na katikati ya silabi hizo zimetawanyika alama ndogo. Nukta mbili zinatenganisha pigo na pigo. Nukta moja inagawa pigo katikati. Mkato unaigawa hiyo nusu tena. Kistari kinasema shikilia sauti uliyonayo. Na kialama kidogo kama jino la sisimizi, juu au chini ya herufi, kinasema kama s hiyo ni ya juu au ya bondeni. Sasa karatasi hii ni nakala ya nakala ya nakala, iliyotolewa kwenye mashine ya steshenari yenye wino hafifu. Mkato umefifia hadi umetoweka. Kialama cha besi kimegeuka vumbi. Mwalimu asiye na uhakika anafundisha kile kinachoonekana, kwaya inaimba kosa, kwaya jirani inaazima karatasi. Tumewahi kuusikia wimbo mmoja ukiimbwa na kosa lile lile Bunju na Mbagala, ncha mbili za mji, na waimbaji wa pande zote mbili wakilitetea kosa hilo kwa nguvu kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Na kule juu kulia, mahali pa jina la mtunzi, mashine imekata.

Mwimbaji anayesoma angelikamata kosa hilo kwa kuhesabu tu. Mapigo manne yanatakiwa kati ya mstari mmoja wa wima na mwingine. Hapa yako matatu na nusu. Kuna kitu kimepotea. Ujuzi wa namna hiyo hauhitaji kipaji. Unahitaji wiki chache za kufundishwa na mtu mwenye subira, na mtoto wa darasa la nne anauweza.

Solfa yenyewe haikubuniwa kwa ajili ya wasomi. Sarah Glover, mwalimu wa mji wa Norwich nchini Uingereza, ndiye aliyezipanga silabi hizo ili watoto wajifunze kuimba kwa urahisi. Kuanzia miaka ya 1840 mchungaji John Curwen aliziboresha na kuzieneza, na aliokuwa akiwafikiria ni watoto wa shule ya Jumapili na watu wa kipato kidogo ambao wasingeweza kununua kinanda. Wamisionari wakazibeba hadi kusini mwa Afrika, Madagaska na kwetu. Karatasi moja, penseli na koo: vifaa vyote ndivyo hivyo. Ikiwa kuna chombo cha muziki kilichotengenezwa kwa ajili ya kigango chenye paa la bati, ni hiki, na tumekiacha kinafifia kwenye mashine za nakala.

Tunaomba kila Mtanzania akumbuke wimbo wake wa Taifa ulikotoka. Lahani ya Mungu Ibariki Afrika ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, ambaye pia alikuwa mwimbishaji wa kwaya. Nyimbo zake aliziandika kwa mkono kwenye daftari la shule. Wimbo huu uliimbwa hadharani mwaka 1899 katika ibada ya kumbariki mchungaji. Sontonga alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana. Waimbishaji wenzake walikuwa wakiliazima daftari lile, likapita mikono mingi, na mwishowe likapotea; hakuna ajuaye lilipo. Lakini wimbo ulikuwa umekwisha kunakiliwa na kuimbwa na kwaya nyingine. Mwaka 1912 uliimbwa kwenye mkutano wa kuanzishwa kwa chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliurekodi London. Mwaka 1961 Tanganyika ikapata uhuru na lahani hiyo ikiwa wimbo wake, kwa maneno ya Kiswahili. Mwalimu wa kwaya aliyekufa mapema, daftari lililopotea, na bado mtoto wa chekechea wa Toangoma anauimba kila asubuhi kabla ya darasa. Uliokolewa na walioweza kuandika na kusoma.

Hata nyumbani tunao mfano. Miaka ya 1960, Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, alitunga wimbo wa Pasaka kwa lahani ya Kihaya. Uliandikwa, Howard Olson akautafsiri kwa Kiingereza, na leo umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Marekani na Ulaya. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga alichapisha kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, na tarehe 4 Desemba ya mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukapitisha hati ya liturujia iliyoyapa makanisa ya kimisioni nafasi ya kumsifu Mungu kwa muziki wa kwao. Wazee hawa hawakuona kuwa ngoma na nota ni maadui. Waliandika muziki wetu ili usiwe mali ya wale tu waliokuwepo siku ulipoimbwa.

Sasa tueleze mafunzo yatakavyokuwa.

Tumechagua Juni kwa sababu shule zimefunga, masika imekwisha na barabara za Mabwepande na Chamazi zinapitika. Ni kipupwe, upepo wa kusi unavuma, na jua la mchana halimchoshi mtoto aliyekaa darasani. Mafunzo yatachukua wiki 3, yakiwa na kituo kimoja kila manispaa. Watoto na vijana watakuja saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana. Watu wazima watakuja saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, wakitoka kazini. Jumamosi hakuna darasa, kwa heshima ya ndugu zetu Waadventista, na Jumapili kila mtu yuko kanisani kwake.

Wiki ya kwanza hakutakuwa na kinanda. Tunajua uamuzi huu utawaudhi baadhi ya vijana wetu wapiga kinanda, nao ni ndugu na wenzetu, lakini tumeufikiria sana. Kinanda cha siku hizi kinakuja na biti iliyotengenezwa tayari na kitufe cha kuhamisha ufunguo. Mpiga kinanda anabonyeza, kwaya inapanda au kushuka bila kujua iko wapi, na biti inaifunika sauti ya pili isiyo na uhakika. Kwa siku tano hizo tutatoa doh kwa mdomo, tutatumia ishara za mkono kupanda na kushuka ngazi, tutapiga makofi, na tutaimba silabi pekee bila maneno. Wiki ya pili tutaingiza maneno na sauti nne. Wiki ya tatu kinanda kitarudi, pamoja na kayamba na ngoma, na mpiga kinanda atasoma karatasi ile ile wanayoisoma waimbaji.

Kwenye mapigo watoto wetu wametutangulia. Mtoto wa Mbagala au Tandale anayeweza kughani singeli kwa kasi ile bila kuangusha silabi, au aliyekua akiufuata mdundiko wa Kizaramo mtaani, mapigo anayo mwilini tayari. Anachokosa ni kujua kwamba kile anachokifanya kinaandikika. Tutaanzia hapo. Tutamwambia apige kwa kiganja kile anachokijua, kisha tutakiandika ubaoni mbele yake, nukta na mikato, aone.

Kwa vijana wanaotamani kutunga, tutakuwa na somo la pekee juu ya mkazo wa neno. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na nyimbo nyingi, hasa zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani na Kiingereza, zinaangusha pigo zito mahali pasipostahili, sikio likazoea. Neno barabara linatosha kutufundisha. Mkazo ukiwa kwenye ra ya kwanza, tunamwambia mtu asimame barabara, imara, bila kuyumba. Ukisogea mbele silabi moja, tumemsimamisha kwenye lami. Mtunzi anayeandika nota bila kulitamka neno kwanza anaweza kubadili maana ya sala bila kukusudia.

Kwa upande wa watu wazima tuna neno la kuwatia moyo, kwa sababu wao ndio wanaosita. Mama ameimba sauti ya pili miaka 20, anaamka saa 9 usiku kwenda kununua samaki Feri, anauza Tandika hadi jioni, anapitia mazoezi akiwa na ndoo mkononi, na hakosei hata Jumapili moja. Mwambie asome nota, atakujibu kuwa hayo ni ya watoto wa shule. Mama yetu, shikamoo. Tunachokuomba ni ujifunze majina ya vitu unavyovijua kuliko sisi. Ile sauti unayoishika wakati sauti ya kwanza inapanda ina jina, inaitwa s, na ukishaijua kwa jina utaweza kumfundisha mke wa mwanao, na atakayekuja baada yake. Darasa la watu wazima litakuwa peke yake ili mtu asione haya kukosea mbele ya wajukuu. Ijumaa tu wote watakaa pamoja, na mtoto anayesoma atakaa karibu na bibi anayesikia, karatasi moja kwa wawili.

Jambo linalotuumiza kuliko yote ni vijana wa kiume tunaowapoteza. Mvulana wa miaka kumi na tatu au kumi na nne, ambaye Krismasi alikuwa anaongoza kwaya ya watoto, anafika Pasaka sauti inamkatika katikati ya mstari. Wenzake wanacheka. Mwalimu mwenye haraka anamwambia ahamie besi, ambako hafiki, au apumzike mpaka sauti itulie. Anapumzika, na harudi tena. Tumefanya hivyo sisi wenyewe, kwa kutojua. Kinachotokea ni kwamba zoloto linakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na kwa miezi kadhaa kijana ana sauti chache tu zinazomtii. Sauti hizo chache zinatosha kuimba. Tutamtafutia mstari unaokaa ndani yake, hata kama ni wa nota nne, na kila baada ya muda tutampima tena. Hakuna kijana atakayeondolewa kwenye darasa letu kwa sababu sauti yake inavunjika, na tunaziomba kwaya zote za Kinondoni na Temeke ziuchukue msimamo huu kama wao.

Pamoja na hilo lipo suala la afya ya koo. Waimbaji wetu wanapiga kelele ili kushindana na spika, na matokeo yake ni sauti za mikwaruzo na, kwa wengine, vinundu kwenye nyuzi za sauti. Yai bichi, ndimu na tangawizi havizigusi nyuzi hizo, kwa kuwa tunachomeza kinapita njia ya chakula. Maji, usingizi na kunyamaza vinasaidia zaidi. Mwimbaji ambaye sauti imekauka kwa zaidi ya wiki 3 aende hospitali akaonwe na daktari wa masikio, pua na koo, na kiongozi wa kwaya asimlazimishe kuimba kwa sababu tu kuna tamasha.

Ndiyo maana mafunzo haya hayatatumia spika wala maikrofoni, hata siku moja. Sababu ya kwanza ni hiyo ya koo. Ya pili ni jirani. Temeke na Kinondoni ni mji wa misikiti na makanisa ukuta kwa ukuta, na ndivyo tunavyotaka ubaki. Kanuni za mazingira za mwaka 2015 zimeweka mipaka ya kelele, lakini hata zisingekuwepo, mtu aliyekuzikia mama yako na kukuletea maji ya kunawa mikono msibani hastahili kupigiwa kelele usiku. Adhana ya magharibi itakuta darasa la jioni likiendelea. Tutasimama kimya kwa muda huo na waimbaji watapumzika. Tumekwisha kuzungumza na majirani wa vituo vyote viwili, na tunawashukuru kwa ukarimu waliotuonyesha.

Kuhusu usalama wa watoto hatutakuwa na mjadala. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kwaya haina ruhusa ya kumhesabu kuwa mtu mzima kwa kuwa ana sauti nzito. Mtoto ataandikishwa na mzazi au mlezi. Hakuna mwalimu atakayebaki na mtoto mmoja ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa kumpima sauti; milango itakuwa wazi na daima kutakuwa na watu wazima wawili. Hakuna mazoezi ya usiku kwa watoto, na picha zao hazitatumwa kwenye makundi ya simu bila ridhaa ya mzazi. Mwalimu atakayekataa masharti haya hatafundisha nasi, awe hodari kiasi gani.

Tunawageukia sasa viongozi wa makanisa na wa kwaya, kwa heshima na kwa uwazi. Tumeiona kwaya ikichanga miezi minane kwa ajili ya kurekodi video, ikashindwa kununua ubao wa chaki. Hatupingi albamu, wala sare, wala uzinduzi. Furaha ina mahali pake kanisani. Tunaomba yafuatayo yatangulie. Katika wiki hizo 3, kwaya isipange kurekodi wala safari, ili waimbaji waachiwe. Kanisa litenge chumba chenye mwanga na ubao. Mwalimu wa kwaya apewe nauli. Wengi wanatoka mbali, wanapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, mara mbili kwa wiki, mwaka mzima, kwa fedha yao, na wanaona haya kusema. Basi tunawasemea sisi. Na kila kwaya ianze kabati la nota: wimbo mmoja, karatasi moja safi iliyoandikwa upya kwa mkono au kwa kompyuta, jina la mtunzi likiwa kamili. Mtunzi analindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kabla ya sheria, analindwa na adabu. Anayeimba kazi ya mtu amtaje.

Kwa wanaotaka kwenda mbali zaidi, njia zipo. TaSUBa iko Bagamoyo, chuo kilichoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha muziki, na Makumira vilevile. Tungependa kuona siku moja watoto wa Charambe wakifika huko wakiwa tayari wanasoma, badala ya kuanzia herufi ya kwanza wakiwa na miaka ishirini. Wiki 3 za Juni haziwezi kuwafikisha peke yake, tunafahamu hilo. Ndiyo sababu tumekubaliana kwamba kila mwalimu atakayeshiriki atatoa dakika 20 za mwanzo za kila mazoezi ya kwaya yake, mwaka mzima, kwa kusoma nota tu, kabla ya wimbo wowote wa Jumapili.

Cheti kitatolewa kwa atakayesoma mbele ya walimu wawili mistari minane ya wimbo asioufahamu, kwa silabi kisha kwa maneno. Asiyeweza mwaka huu atakaribishwa mwaka ujao bila kunung'unikiwa. Mtoto halipi chochote. Mtu mzima atachangia gharama ya karatasi na chaki, na asiye nacho aseme kwa mwalimu wake, si mbele za watu.

Kila mshiriki aje na daftari la kawaida, penseli, kifutio na chupa ya maji. Majina yafike kwa walimu wa vituo kabla ya Jumapili ya mwisho ya Mei, yakionyesha umri, kanisa na sauti anayoimba. Asiyejua anaimba sauti gani aache nafasi hiyo wazi. Tutaitafuta pamoja naye siku ya kwanza.

Limetolewa Dar es Salaam, kwa niaba ya walimu wa kwaya wa Kinondoni na Temeke.